Toleo Lijalo Litakuja kwa Nani?

Ligi za Ulaya zikikaribia kufunga msimu, vibanda vya gemu vya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa hubadili mada. Ubishi wa nani bingwa hupoa, ukaanza wa toleo lijalo la gemu ya soka. Litatoka kwa mashine ya PS4 au kwa PS5 peke yake? Makipa wataacha kutema mipira mepesi? Mabeki wazito wataendelea kuwafikia mawinga wepesi? Kenya itaingizwa safari hii? Toka Mtongwe hadi Mlaleo, toka Chaani hadi Mshomoroni, mchezo wenyewe bado unaitwa FIFA, ingawa jina hilo liliondoka mwaka 2023, kampuni ya EA ilipoachana na shirikisho la soka duniani na kuuita EA Sports FC. Toleo la FC 26 lilitoka tarehe 26 Septemba 2025. La kulifuata bado, lakini tetesi zake zimeshajaa kwenye mabenchi.

Nimeukalisha ubishi huo hapa kama baraza. Wapo watano. Mwenye kibanda ni mama wa Likoni mwenye PS4 nne na televisheni nne. Mchezaji ni kijana wa Kisauni. Fundi ana meza yake Changamwe, hufungua simu, redio na pedi. Mwanafunzi ni wa chuo, na mchezo anaoupenda si huu. Mzee ni wa bao. Sauti nimezipanga mimi, hoja ni zile zinazozunguka vibandani. Nami nina upande wangu, na nitausema.

MCHEZAJI: Mama, safari hii usikawie. Toleo lililopita lilipotoka wewe ulibaki na la zamani, tukawa twaenda kwa jirani. Mtu hawezi kushika timu ambayo nusu ya wachezaji wake wameshauzwa.

MWENYE KIBANDA: Mwanangu, nilikawia kwa sababu hesabu ilinikatalia. Diski mpya ilitangazwa kwa dola 69.99. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni elfu tisa na kidogo, kabla muuzaji wa mjini hajaweka chake. Kwangu mechi moja ni shilingi 20. Gawanya mwenyewe. Ni mechi 450 kulipia diski moja tu, sijatia tokeni za stima, kodi ya chumba, leseni ya kaunti, wala pedi ambazo mkifungwa mnazibamiza sakafuni. Na mashine ninazo nne.

MCHEZAJI: Lakini wateja waliondoka.

MWENYE KIBANDA: Waliondoka, wakarudi. Kule diski ilikuwa mpya na pedi mbovu.

FUNDI: Hilo nalijua kutoka mezani kwangu. Kijiti cha kushoto kikichakaa, mchezaji hutembea peke yake hata kabla mkono haujamgusa. Unamlinda mshambuliaji, beki wako anajiondokea pole pole kuelekea kibendera cha kona. Nikiifungua pedi nakuta vumbi, jasho na kutu, maana hewa ya chumvi ya hapa pwani haibakishi kitu. Pedi ya namna hiyo ukiipa toleo jipya, ubaya ni ule ule.

MCHEZAJI: Sawa, fundi, lakini usinihamishe kwenye hoja. Kuna mambo ambayo pedi haiyatibu. Kipa akitema mpira mwepesi, ni kampuni. Na kampuni ikisemeshwa husikia. FC 26 yenyewe waliitangaza kuwa imejengwa juu ya maoni ya wachezaji. Wakaugawa mchezo mitindo miwili: mmoja wa kasi, wa ushindani, kwa wanaocheza mtandaoni, mwingine wa polepole zaidi, unaokaribia mpira wa uwanjani, kwa mtu anayejifanya kocha na kujenga klabu yake. Hilo watu walilililia miaka.

FUNDI: Mtindo mmoja wa mtandaoni, mmoja wa anayecheza peke yake. Je, sisi tunaokaa wawili kwenye benchi moja, walitutengea upi?

Swali hilo la fundi ndilo lililonifanya niandike. Nitalirudia. Kwanza tumalize suala la mashine, kwa kuwa ndilo linalowanyima wenye vibanda usingizi.

FUNDI: Mimi tetesi za makipa sizishughulikii. Naangalia miaka. PS4 ilitoka Novemba 2013. EA waliendelea kuitengenezea PS3 hadi FIFA 19, ya Septemba 2018. FIFA 20 haikuja tena kwa PS3. Yaani mashine mpya ilipokaribia miaka mitano, ya zamani ikaachwa. Sasa PS5 ilitoka Novemba 2020. FC 26 ilipotoka, PS5 nayo ilikuwa inakaribia miaka mitano, na PS4 bado ilikuwemo. Ukifuata mwendo huo, linalokuja ndilo la kwanza kuikosa PS4.

MCHEZAJI: Umechagua mfano unaokufaa. Mbona PS2 hukuitaja? PS3 ilitoka Novemba 2006, na bado FIFA 14, mwaka 2013, ilitolewa hata kwa PS2. Karibu miaka saba! Kwa hesabu hiyo PS4 ina nafasi hadi 2027.

FUNDI: PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Kampuni haiwezi kuwaacha watu wengi kiasi hicho. PS3 iliishia kama milioni 87, ndiyo maana iliachwa mapema.

MCHEZAJI: Na PS4 ilipita milioni 117. Iko katikati ya hizo mbili. Basi hata wewe huwezi kuizika.

FUNDI: Siiziki. Lakini kumbuka hiyo FIFA 19 ya PS3 ilikuwa nini. Jezi mpya na vikosi vipya, mchezo wenyewe ule ule wa miaka ya nyuma. Hata PS4 ikibakishwa, inaweza kubakishwa kwa jina tu, nawe ukalipa bei kamili.

Napenda ubishi wa namna hii, na nasema wazi kwamba watu wazima wanaoudharau hawajausikiliza. Vijana wawili, mmoja kaleta mfano, mwenzake kaleta mfano wa kuupinga, kisha wakatafuta sababu ya mifano kutofautiana: idadi ya mashine zilizouzwa. Hakuna aliyesema nimesikia kwa fulani. Tetesi nyingi za mitaani hazifiki hapo. Kwa maoni yangu fundi ana nguvu kidogo zaidi, kwa sababu mtengenezaji akishachoka na mashine humwachia mteja jezi mpya na kumpunguzia mengine yote, na PS4 imeshaanza kuyakosa baadhi ya yale yanayopewa PS5.

MWENYE KIBANDA: Haya, tuseme inaachwa. Mimi nifanye nini? PS5 nne siwezi. Hata moja niifikirie sana. Tena nyingine siku hizi zinauzwa bila mlango wa diski, unanunua gemu kwa kuipakua. Diski nikimaliza nayo naiuza, au nabadilishana na mwenzangu wa Mtongwe. Gemu ya kupakua nimuuzie nani? Na makumi ya gigabaiti hayo niyapakue kwa bando lipi?

MCHEZAJI: Labda watafanya kama wenzao wa Konami. Mwaka 2020 hawakuunda toleo jipya la PES, gemu yao ya soka. Walichukua ile ya mwaka uliotangulia, wakabadilisha vikosi na jezi, wakaiuza dola 29.99. Kila mtu alijua anachonunua.

FUNDI: Na mwaka uliofuata? Malizia hadithi.

MCHEZAJI: Mwaka uliofuata wakaharibu.

FUNDI: Wakaharibu hasa. Walilifuta jina la PES, na tarehe 30 Septemba 2021 wakaleta eFootball, bure. Watu wakashangilia ile bure. Ilipofunguliwa, klabu tisa tu, nyuso za wachezaji zimepinda, na ile sehemu ya kujenga timu yako msimu hadi msimu haimo. Mchezo uliokuwa ukisimama bega kwa bega na FIFA ulianguka mchana kweupe. Baadaye waliutengeneza, naam, na kwenye simu una wapenzi wengi hadi leo. Lakini vibanda vingi vilikuwa vimeshahama.

MWENYE KIBANDA: Bure inayotaka mtandao si bure kwangu. Kibandani wateja wawili wanaketi, wanataka pedi mbili na mpira uanze. Wakisubiri gemu iwasiliane na huko iliko, dakika zao zinakwisha na hela yangu haiingii.

Sasa turudi kwenye swali la fundi. Kwa nini toleo baada ya toleo, yale mapya makubwa hayamgusi anayecheza kwenye benchi? Jibu limo kwenye hesabu za kampuni. Mwaka 2009 FIFA iliongezewa sehemu iitwayo Ultimate Team. Mtu hufungua pakiti za kadi, hupata wachezaji kwa bahati, na akitaka pakiti nyingi za haraka hulipa pesa halisi. Katika mwaka wa fedha wa 2021 EA walipata dola bilioni 1.62 kutokana na sehemu hiyo kwenye michezo yao ya soka, mpira wa Kimarekani na magongo ya barafuni. Hiyo ilikuwa zaidi ya robo ya mapato yao yote. Ubelgiji waliziona pakiti hizo kuwa kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuwauzia watu wa huko sarafu za kununulia. Kwingineko biashara iliendelea.

Mwenye kibanda wa Likoni hanunui pakiti. Hununua diski moja, ikachezwa na mtaa mzima mwaka mzima. Kwenye vitabu vya kampuni mtaa huo ni mteja mmoja, tena mteja aliyelipa mara moja akanyamaza. Vijana mia wanaofahamu kila kosa la kipa wa gemu hawaonekani popote. Tusistaajabu basi wakiwekewa mtindo wa mtandaoni na mtindo wa mpweke, wao wakaambiwa wachague mojawapo.

MCHEZAJI: Na sasa inauzwa. Tarehe 29 Septemba 2025 ilitangazwa kuwa EA inanunuliwa kwa dola bilioni 55, na wanunuzi wakubwa ni mfuko wa uwekezaji wa Saudia pamoja na kampuni mbili za Marekani. Kuna wanaosema pesa nyingi zitaingia, mchezo utakuwa bora.

FUNDI: Na kuna wanaosoma hadi mwisho wa habari. Katika hizo bilioni 55, bilioni 20 ni mkopo. Mkopo hulipwa. Nawe fikiria utalipwa na nini kama si pakiti.

MCHEZAJI: Hiyo nayo ni tetesi yako, fundi.

FUNDI: Ni tetesi, lakini ina miguu.

Hapo mwanafunzi aliyekuwa kimya anaingia, na nampa nafasi ndefu kwa sababu analeta kisa ambacho wengi wetu hatukukisikia.

MWANAFUNZI: Niruhusuni, wakubwa. Mimi nacheza mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Ni wa mezani, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mmoja wenu ni msimulizi, wengine kila mtu ni mhusika wake: huyu shujaa wa upanga, huyu mchawi, yule mwizi. Msimulizi anakwambia umefika kwenye daraja bovu, mto umefurika, na nyuma unafukuzwa. Unafanya nini? Unasema. Kisha unarusha kete yenye pande 20, nayo inaamua kama umevuka au umezama. Stima ikikatika mnawasha mshumaa, mnaendelea. Wachezaji wananunua vitabu vya kanuni, na toleo la tano la vitabu hivyo lilitoka 2014.

MZEE: Hadithi na kete. Endelea, mwanangu.

MWANAFUNZI: Agosti 2022 kampuni ikatangaza inavifanyia marekebisho. Basi tetesi zikalipuka, kama hizi zenu. Vitabu vyetu vya zamani vitakufa? Mchawi atapunguzwa nguvu? Kampuni ikawa inatoa rasimu sehemu kwa sehemu, watu wanazijaribu mezani kwao, wanajaza madodoso. Baadhi ya waliyoyakataa yaliondolewa kweli. Lakini Januari 2023 ikavuja rasimu nyingine, ya leseni. Tangu mwaka 2000 mtu yeyote aliruhusiwa kuandika visa vyake kwa kutumia kanuni hizo na kuviuza. Leseni mpya ingebana ruhusa hiyo na kuwatoza waandishi wakubwa sehemu ya mapato yao. Watu wakakasirika. Wengi wakafuta malipo yao ya kila mwezi kwenye huduma ya kampuni. Kampuni ikaomba maoni, ikapata majibu zaidi ya 15,000, mengi sana ya kukataa. Tarehe 27 Januari 2023 ikarudi nyuma. Si kwamba iliiacha leseni ya zamani ilivyo tu. Kanuni za msingi ilizitoa chini ya leseni huria ambayo haiwezi kuzirudisha tena. Vitabu vilivyorekebishwa vilianza kutoka Septemba 2024, na visa vya zamani bado vinachezeka navyo.

MCHEZAJI: Walishindaje? Kampuni ni kampuni.

MWANAFUNZI: Kwa sababu kampuni ilijua wanaweza kuondoka na mchezo wakabaki nao. Kanuni wanazo vichwani, kete wanazo mfukoni. Nyinyi mchezo wenu uko ndani ya diski ya mtu.

MZEE: Huyu kijana amesema neno. Bao letu lina mistari minne, mashimo 32, kete 64. Lina nyumba yake, lina kunamua, lina mtaji. Muyaka wa hapa Mvita alilitungia shairi, naye alifariki mwaka 1840. Hajatokea mtu akatuambia kuanzia Septemba nyumba imefutwa. Kanuni zinalindwa na wanaoketi. Mkosaji hukatazwa pale pale, na watazamaji ndio mashahidi.

MCHEZAJI: Lakini mzee, kwa heshima zote, bao halibadiliki na vijana hawaketi. Sisi kila mwaka kuna jipya, na ndilo linalotuvuta. Huoni kubadilika nako ni uhai?

MZEE: Naona. Wala sikukwambia usitake jipya. Nimekuuliza nani analiamua. Hata hapo kibandani kwenu, mbona naona mna sheria ambazo hazimo kwenye hiyo diski?

Mzee ameona kweli, na mimi nisimame hapa kidogo. Tazama mechi moja ya jioni Likoni. Benchi la mbao, watoto wa mtaa wamesimama nyuma, wawili wameketi mbele na pedi zao za nyaya, kwa kuwa pedi ya kuchaji huzima katikati ya penalti. Kabla mpira haujaanza kuna mazungumzo. Klabu kubwa dhidi ya klabu kubwa, au nguvu zilingane? Wote wawili wakiing'ang'ania timu moja, wote wanaicheza, mmoja jezi ya nyumbani na mwenzake ya ugenini. Kusimamisha mchezo ni mpaka mpira utoke nje. Ukisimamisha mwenzio akiwa anaelekea golini, benchi zima linakuhukumu na mpira unarudishwa kwake. Mshindi habanduki, aliyefungwa anasimama na kuipisha foleni. Stima ikikatika kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa bila malipo. Ikikatika baadaye, anayeongoza ndiye aliyeshinda. Sare inakwenda penalti, na anayesubiri zamu hana haki ya kulalamika.

Hakuna sheria hata moja kati ya hizo iliyoandikwa na EA. Zimetungwa na watu, zikarekebishwa na watu, na Mlaleo si sawa na Mtongwe. Mgeni akitoka Changamwe akaingia kibanda cha Kisauni huuliza kwanza hapa sare mnafanyaje, akajibiwa, akacheza. Huu ndio urekebishaji halisi wa mchezo unaofanyika Mombasa, nao hufanyika mwaka mzima bila kungoja Septemba. Tukijadili toleo lijalo tukiwa tumejisahau hivyo, tunaingia kwenye mjadala kama waombaji wakati tuna cha kusema.

MCHEZAJI: Nimekubali, lakini mniachie ndoto yangu moja. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linachezwa kwetu: Kenya, Uganda na Tanzania. Wakiendelea kutunyima Harambee Stars, timu yetu ya taifa, mwaka huo, watatupa lini? Kiungo wetu Wanyama alipokuwa Tottenham tulimweka kati, tukajivunia Mkenya ndani ya gemu. Lakini alikuwemo kwa sababu ya Tottenham. Mimi nataka niichague Kenya. Nataka niichague Bandari, klabu yetu ya hapa.

FUNDI: Kwenye simu, Dream League unaweka jezi yoyote utakayo. Vijana wanacheza na Gor Mahia waliyoipaka rangi wenyewe.

MCHEZAJI: Najua, nami nimefanya. Lakini ni jezi tu. Ndani yake ni watu wengine.

Ndoto hii siibezi hata kidogo. Ni kweli kwamba timu haiingii kwenye gemu kwa sababu inapendwa. Inaingia kwa mikataba ya majina, nembo na sura za wachezaji, na mkataba hutiwa sahihi pale pande zote mbili zinapoona faida. Kwa hiyo anayesubiri toleo lijalo kwa ajili ya Harambee Stars anasubiri jambo ambalo mlango wake uko Nairobi kwenye shirikisho letu kabla ya kuwa California kwenye kampuni. Mashindano ya 2027 ni sababu nzuri kabisa ya kuugonga mlango huo, na vijana wakiugonga sasa hawatakuwa wamewahi sana.

MWENYE KIBANDA: Mwanahabari, umesema una upande. Hebu utwambie.

Upande wangu ni huu. Katika yote yanayobashiriwa kuhusu toleo lijalo, jambo moja lina uzito kwa ng'ambo zote tatu za Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe: kwamba watu wawili wataendelea kuketi mbele ya skrini moja, pedi mbili, bila mtandao, bila akaunti, mpira ukaanza. Kipa akitema, atatengenezwa. Mbio za mabeki zitapanda na kushuka kama kila mwaka. Lakini siku mechi ya benchi itakapodai mtandao au akaunti ya kila mtu, kibanda kimefungwa, na pamoja nacho zile sheria zote ambazo mtaa umejitungia. Konami walionyesha mwaka 2021 jinsi kampuni inavyoweza kuliacha benchi ndani ya siku moja, kwa tabasamu na kwa neno bure. Siituhumu EA kwamba imekusudia hivyo. Nasema faida yake haiko kwenye benchi, na mahali ambapo faida haipo, ulinzi wa benchi ni kelele za wanaolitumia.

MCHEZAJI: Sasa kelele hizo tuzipigeje? Sisi si wale 15,000 wa mwanafunzi.

MWANAFUNZI: Wale nao walianza mezani, watu watano watano. Kampuni ya EA inapokea maoni ya wachezaji, imejisifu yenyewe kwamba iliyafuata. Haijapata kusikia kuhusu mechi ya benchi kutoka mahali ambapo diski moja inachezwa na mtaa mzima. Iandikieni hivyo hivyo, mtaje idadi ya wanaotumia diski hiyo kwa wiki.

MWENYE KIBANDA: Idadi ninayo, daftari langu halidanganyi. Nitaandika. Lakini kununua siku ya kwanza, simo.

Namuunga mkono, tena kwa nguvu. Mwaka 2025 waliolipa dola 99.99 kwa toleo la kifahari la FC 26 walianza kucheza tarehe 19 Septemba, wiki moja kabla ya wengine. Wiki moja ya kutangulia haijawahi kumlipia mwenye kibanda kodi ya chumba. Mama wa Likoni, na wenzako wa Kisauni na Changamwe, msilipe amana ya diski kwa muuzaji yeyote mpaka kampuni itaje wazi kama PS4 imo, na kama imo, mpaka mmoja wenu aicheze na kuona ni mchezo mpya au ni jezi mpya. Nunueni moja kwa kushirikiana, muizungushe kibanda hadi kibanda kwa mwezi mmoja, ndipo muamue. Pesa zilizobaki mpelekeeni fundi, awatengenezee pedi.

Nanyi vijana, daftari la mama lisiende peke yake. Andikeni kuhusu kipa, andikeni kuhusu Bandari, lakini sentensi ya kwanza iwe hii: tunacheza wawili wawili kwenye mashine moja, na tunataka tuendelee kucheza hivyo.